Python inasema faili halipo, na wewe unaliona: kutatua matatizo ya faili na folda

Faili lipo. Unaliona kwenye folda, ukilibofya linafunguka. Ukiendesha skripti, Python inakujibu:

```
FileNotFoundError: [Errno 2] No such file or directory: 'mauzo.csv'
```

Hapo Python haikudanganyi, na wewe pia husemi uongo. Mnazungumzia folda mbili tofauti. Matatizo mengi ya faili yako hivyo: programu inaona kitu kimoja, wewe unaona kingine, na kazi yako ya kwanza ni kuilazimisha ikuonyeshe inachokiona kabla hujagusa kodi.

Mifano yote hapa inatoka kwenye skripti moja, `unganisha.py`, niliyoiandika kwa ajili ya duka la vifaa vya ujenzi. Kazi yake ni kusoma mafaili ya mauzo ya kila siku na kuyakusanya kuwa faili moja la mwezi. Ni mistari arobaini tu, lakini karibu kila kosa lililo hapa chini lilinipata humo.

## "Halipo", na huku lipo

Ukiandika `open('mauzo.csv')` bila kutaja folda, Python hailitafuti kando ya skripti. Inalitafuta kwenye folda ya kazi, yaani pale ulipokuwa umesimama ulipoiita. Ukiwa Desktop ukaandika `python miradi/duka/unganisha.py`, folda ya kazi ni Desktop. VS Code nayo kwa kawaida huanzia kwenye folda uliyoifungua kama mradi, hata kama skripti imejificha ndani zaidi. Kwenye Linux, cron, programu inayoendesha kazi kwa ratiba, huanzia folda ya nyumbani ya mtumiaji. Ndiyo maana skripti inayokwenda vizuri mchana ukiwa umeishika mwenyewe inakufa usiku ukiiachia ratiba.

Usikisie. Weka hii juu ya mstari unaogoma:

```python
from pathlib import Path
print(Path.cwd())
print(Path('mauzo.csv').resolve())
for f in Path('.').iterdir():
    print(repr(f.name))
```

Mstari wa kwanza kuchapishwa ni folda uliyomo kweli. Wa pili ni anwani kamili ambayo Python inakwenda kugonga hodi. Kisha inafuata orodha ya vilivyomo, na hapo `repr` ndiyo yenye kazi, kwa sababu inayafunga majina kwenye alama za nukuu. Mimi ilinitolea hivi:

```
'mauzo.csv.txt'
'mauzo .csv'
```

La kwanza ni kazi ya Notepad. Iliongeza `.txt`, na Windows ikakificha kiendelezi hicho, kwa hiyo kwenye skrini nilisoma "mauzo.csv" tu. La pili lina nafasi kabla ya nukta, aliyoiacha mtu aliyebadilisha jina kwa haraka. Kwa macho huioni kamwe.

Ikiwa majina yako sawa na folda ndiyo tofauti, ifunge njia kwenye skripti yenyewe:

```python
HAPA = Path(__file__).resolve().parent
faili = HAPA / 'mauzo.csv'
```

Baada ya hapo simama popote, itapatikana. Ila kwenye Jupyter, daftari la kuendeshea Python, `__file__` haipo, utapata NameError, kwa hiyo huko andika njia kamili. Wapo wanaopendelea `os.chdir()`. Mimi siipendi, kwa sababu inaihamisha programu nzima, na baada ya wiki mbili utashangaa kwa nini sehemu nyingine imeanza kuandika faili mahali pa ajabu.

Ukiona faili lililokuwa Desktop "limepotea" kwenye Windows, angalia kama OneDrive imeichukua Desktop yako. Ikishaichukua, njia inakuwa `C:/Users/jina/OneDrive/Desktop`, ingawa skrini haijabadilika hata kidogo. Na kama inafanya kazi kwako lakini inagoma kwenye seva, tazama herufi kubwa na ndogo. Kwa Linux `Mauzo.csv` na `mauzo.csv` ni mafaili mawili. Windows haijali, na Mac kwa kawaida haijali pia.

## Jina imelitaja Python yenyewe, halafu inasema halipo

```python
for jina in os.listdir('mauzo'):
    with open(jina) as f:
        ...
```

Kosa linatoka kwenye faili la kwanza kabisa: hakuna `'2024-03-01.csv'`. Inaudhi, maana jina hilo umepewa na Python sekunde hiyohiyo. Sababu ni kwamba `os.listdir` hutoa majina matupu bila folda. Ni sawa na kuulizia nyumba ukaambiwa "ile yenye mlango wa bluu" bila kutajiwa mtaa. Unganisha mwenyewe kwa `os.path.join('mauzo', jina)`, au afadhali zaidi:

```python
for f in sorted(Path('mauzo').glob('*.csv')):
```

Hapa kila `f` inakuja na folda yake. Hiyo `sorted` si pambo. Mpangilio wa `glob` na `listdir` hauna uhakika, unaweza kuwa wa tarehe kwenye kompyuta yako na ukavurugika kwenye nyingine. Na ukipanga, panga ukijua kwamba inapanga kwa herufi: `siku10` itatangulia `siku2`. Ndiyo maana majina ya mafaili ya duka nilianza kuyaandika kwa mwaka, mwezi, siku.

Kwenye Linux `*.csv` haitakamata `MACHI.CSV`. Na ukisoma mafaili ya Excel kwa `*.xlsx`, utakutana na `~$mauzo.xlsx`, kivuli ambacho Excel hukiweka wakati mtu amelifungua faili. Si jedwali, liruke.

## Errno 22, na njia inaonekana sawa

Tatizo hili linawaandama sana waandishi wa Kiswahili, na sijaona mtu akilisema. Tazama:

```python
open('D:\taarifa\nyaraka\mauzo.csv')
```

```
OSError: [Errno 22] Invalid argument: 'D:\taarifa\nyaraka\\mauzo.csv'
```

Soma ujumbe huo polepole. Kabla ya `mauzo` kuna mikwaju miwili, au slashi kama wengi wanavyoziita. Kabla ya `taarifa` na `nyaraka` upo mmoja mmoja. Palipo na miwili, mkwaju umesalimika. Palipo na mmoja, Python imeumeza pamoja na herufi inayofuata: `\t` imekuwa tabo, `\n` imekuwa mstari mpya. Ulichoomba ni faili ambalo jina lake lina mstari mpya katikati, na Windows haikubali jina la namna hiyo.

Sasa hesabu majina ya folda zetu za kila siku: taarifa, takwimu, tarehe, nyaraka, nakala, ripoti, barua, fomu, vifaa, ada. Yote yanaanza na herufi ambazo zikitanguliwa na mkwaju wa nyuma huwa na maana nyingine kwa Python. Folda ikiitwa `D:\ushuru` au `D:\Nakala` skripti haianzi kabisa, unapata SyntaxError inayotaja `unicodeescape`, sawa na wanayoipata wote wanaoandika `'C:\Users'`. Ikiitwa `D:\mauzo` inapita, kwa sababu `\m` haina maana yoyote, ingawa tangu Python 3.12 utaonywa kwa SyntaxWarning. Kwa hiyo skripti ileile inakubali folda moja na kukataa nyingine, na mtu anaanza kuilaumu diski.

Andika mkwaju wa kawaida, `'D:/taarifa/nyaraka/mauzo.csv'`. Python ikiwa kwenye Windows inauelewa bila shida. Ukitaka kubandika njia kama ulivyoinakili, tanguliza r: `r'D:\taarifa\nyaraka\mauzo.csv'`. Usiimalizie kwa mkwaju tu, maana `r'D:\taarifa\'` ni kosa la sarufi.

## Permission denied

Anza na swali jepesi: faili limefunguliwa kwenye Excel? Kwenye Windows hiyo inatosha kukuletea `[Errno 13]`. Lifunge, endesha tena.

Kama sivyo, chunguza usije ukawa umefungua folda ukidhani ni faili. Linux itakwambia wazi, `IsADirectoryError`. Windows inasema tu Permission denied, na watu wanahangaika kuendesha terminali kama msimamizi wakati walichosahau ni jina la faili mwishoni mwa njia. `print(Path(njia).is_dir())` inamaliza ubishi.

Unapofuta na kukuta `[WinError 32]`, mara nyingi anayelishikilia faili ni wewe: umelifungua kwa `open()` juu huko na hukulifunga. Tumia `with`, na kazi ya kufuta iwe nje ya `with`. Kwenye Linux sababu ya kawaida ni kwamba siku moja uliendesha skripti kwa `sudo`, yaani kwa mamlaka ya msimamizi, faili likawa mali ya root, ndiye msimamizi huyo. `ls -l` itakuonyesha mmiliki, `chown` italirudisha. Achana na `chmod 777`. Inaondoa ujumbe kwa kumfungulia mlango kila mtu.

## seng’enge imekuwa sengâ€™enge

Kiswahili hakina herufi zenye vikofia wala vitone, kwa hiyo skripti yako inaweza kwenda miezi bila kuguswa na suala la usimbaji, yaani namna herufi zinavyogeuzwa kuwa baiti. Kisha siku moja karani anaandika orodha ya bidhaa kwenye Word, na Word inaigeuza ile alama ya ng' kuwa iliyopinda. Upande wa pili unatoka uchafu ulio kwenye kichwa hapo juu. Siku ya tatu skripti inakufa kabisa:

```
UnicodeDecodeError: 'charmap' codec can't decode byte 0x9d in position 412: character maps to <undefined>
```

Dukani kwetu kilichoua hakikuwa seng’enge, kilikuwa bomba la 3/4”. Alama ya inchi nayo ilikuwa imepinda. Sababu ya moja kupita na nyingine kuua ni hii: katika UTF-8, aina moja ya usimbaji, ’ huandikwa kwa baiti tatu, E2 80 99. Python kwenye Windows, usipoiambia kitu, hutumia usimbaji wa mfumo, ambao kwa kompyuta nyingi za kwetu ni cp1252. Humo baiti zote tatu zina herufi: â, €, ™. Inazisoma na kuendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Alama ” ni E2 80 9D, na 9D katika cp1252 ni nafasi tupu, haina herufi. Hapo inakwama. Hatari kubwa iko kwenye ile inayopita, kwa sababu hakuna anayeonywa.

Dawa:

```python
with open(f, encoding='utf-8', newline='') as k:
```

Taja usimbaji kila unapofungua faili la maandishi, kusoma na kuandika. Kuanzia Python 3.15 UTF-8 ndiyo inayotumika usipotaja kitu, lakini skripti yako itaendeshwa na matoleo ya zamani kwa miaka.

Ukishataja utf-8 ukakuta kosa limegeuka, `'utf-8' codec can't decode byte 0x92`, basi faili hilo lilihifadhiwa kwa cp1252 kweli. 0x92 ndiyo ile alama iliyopinda katika cp1252. Lisome kwa `encoding='cp1252'`. Usikubali ushauri wa kuweka `errors='ignore'`. Inanyamazisha kosa kwa kulifuta jina: seng’enge inakuwa sengenge, na kwenye jumla ya mwezi unapata bidhaa mbili.

Hata ukisoma sawasawa, bado seng'enge yenye alama iliyonyooka na seng’enge yenye iliyopinda ni maneno mawili kwa kompyuta. Niliishia kuongeza `.replace('\u2019', "'")` kwenye kila jina la bidhaa, na ndipo hesabu ya stoo ikakubaliana na stoo.

Kuna ndugu yake mmoja. Unapata `KeyError: 'bidhaa'`, unachapisha vichwa vya safu, unakiona "bidhaa" kabisa. Chapisha tena kwa `repr`:

```
['\ufeffbidhaa', 'idadi', 'bei']
```

Hiyo `\ufeff` ni alama isiyoonekana ambayo Excel huitanguliza ikihifadhi CSV kwa UTF-8. Soma kwa `encoding='utf-8-sig'`; inaiondoa ikiwepo na hailalamiki isipokuwepo. Na unapoandika CSV itakayofunguliwa na Excel, tumia hiyohiyo, Excel iitambue.

Ile `newline=''` niliyoiweka hapo juu ni ya moduli ya `csv`. Ukiisahau wakati wa kuandika, Windows itakuwekea mstari mtupu baada ya kila mstari wenye data.

## Faili limekuwa tupu, au limenenepa

`open(f, 'w')` hulifuta faili papo hapo, kabla hujaandika hata herufi. Ukilifungua hivyo ili "urekebishe" neno moja, ukisoma hutapata kitu, maana hakuna cha kusomwa tena. Mimi nilipoteza mauzo ya siku nne hivyo, tukayaandika upya kutoka kwenye vitabu vya risiti, mwenye duka akinisomea.

Tangu hapo naandika kwenye faili jipya kando, likikamilika ndipo nalibadilisha na la zamani:

```python
muda = f.with_suffix('.muda')
with open(muda, 'w', encoding='utf-8', newline='') as k:
    ...
os.replace(muda, f)
```

Umeme ukikatika katikati, la zamani bado lipo zima. Na kwa faili ambalo halipaswi kuwepo, fungua kwa `'x'`. Likiwepo unapata FileExistsError, hulikanyagi.

Kunenepa ni kesi nyingine. Nilikuwa naliandika `machi.csv` kwenye folda ileile ya mafaili ya siku. Mara ya pili kuendesha, `*.csv` ikalikamata na lenyewe, mauzo yakawa mara mbili. Mwenye duka aliangalia jumla, akaniangalia: "Mwanangu, hizi hela zote mbona mimi sizioni?" Matokeo yakae folda yake.

Faili likiwa tupu wakati unaona kabisa umeandika, pengine bado halijafungwa. Python hukusanya maandishi kwenye kumbukumbu kwanza na kuyamwaga baadaye; `with` inayamwaga kwa wakati. Na ukisoma faili lililo wazi mara mbili, mara ya pili hupati kitu kwa sababu kishale kimeshafika mwisho. `k.seek(0)` inakirudisha.

## Majina yenye saa na tarehe

Ukiunda jina kwa `strftime('%d/%m/%Y')`, unapata `mauzo_05/03/2024.csv`, na Python inaelewa folda `mauzo_05`, ndani yake `03`. Hali ya `'w'` huunda faili, haiundi folda, kwa hiyo unarudishiwa FileNotFoundError. Tumia vistari. Ukihitaji folda kweli, `njia.parent.mkdir(parents=True, exist_ok=True)` kabla ya kufungua.

Nukta mbili za saa ni mbaya zaidi kwa sababu hazitoi kosa. Kwenye diski ya NTFS, mfumo wa mafaili wa Windows, `mauzo_08:30.csv` inakuwa faili liitwalo `mauzo_08` lenye baiti sifuri, na data yako imewekwa kwenye mkondo uliofichwa wa faili hilo. Andika `mauzo_0830`.

## Kuhamisha na kufuta

`os.rename` kutoka kwenye diski ya kompyuta kwenda flashi inagoma kwa `[Errno 18]` kwenye Linux, au `[WinError 17]` kwenye Windows, kwa sababu kubadilisha jina hakuvuki diski. `shutil.move` inanakili kisha inafuta, hiyo itavuka.

`os.rmdir` inakataa folda yenye vitu ndani. `shutil.rmtree` inafuta folda pamoja na vilivyomo, na haipitii pipa la taka. Mimi huiandika hivi kwanza:

```python
lengo = (HAPA / 'muda').resolve()
print(lengo)
for f in lengo.rglob('*'):
    print(f)
# shutil.rmtree(lengo)
```

Nikishaisoma orodha mpaka mwisho na kuona hakuna nisichokitegemea, ndipo naondoa hiyo alama ya reli (`#`).